Faiba Imeniumbua

Jumamosi alasiri, Februari 2016. St. James Town, Kanada.

Nje kuna jua lile la uongo. Ukilitazama kupitia kioo unadhani ni la Korogwe, ukifungua dirisha pua inaganda. Sijatoka tangu asubuhi. Nimemwambia Baba Idrisa kichwa kinaniuma, amemchukua mtoto wamekwenda kuogelea. Kichwa hakiniumi. Ninachoumwa ni aibu, na dawa yake haiuzwi.

Naandika hapa kwa sababu Mama hasomi blogu, na wanaosoma ni wale wale wachache wanaonijua. Basi na mnijue vizuri.

Alhamisi tulifungiwa intaneti ya faiba. Fundi alikuja saa nne, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikampenda papo hapo. Akatoboa tundu ukutani, akapitisha waya mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, akafunga kiboksi cheupe karibu na televisheni, akatuaga. Hata saa nzima haikuisha. Miaka sita tumekuwa tukitumia ule mtandao wa waya wa simu, ambao filamu ya saa mbili unaimaliza baada ya saa nne, maana kile kiduara cha kusubiri kinafanya kazi kuliko waigizaji.

Nilijisifu, sikatai. Kwenye kikundi chetu cha kina mama wa Kitanzania nilituma picha ya kile kiboksi kama mtu anayetangaza amejifungua. Niliandika kwamba sasa kwangu tamthilia zinatiririka, mechi hazikatiki, na chaneli za nyumbani tunazipata moja kwa moja, anayetaka kutazama aje na sambusa zake. Wenzangu wakanipongeza. Usiku wa Alhamisi na Ijumaa nilitazama vipindi tisa vya tamthilia moja. Nilikuwa nimemwambia Baba Idrisa kwamba faiba ni kwa ajili ya masomo ya mtoto. Haikuwa kwa ajili ya masomo ya mtoto, wala haikuwa kwa ajili ya kumwona Mama.

Mama sikumfikiria kabisa.

Mama yangu anakaa Korogwe na mdogo wangu Hamisi. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi ya hapa, ambayo kwao ni saa kumi na moja jioni, Hamisi ananipigia simu ya video, anampa Mama simu, tunaongea. Na kuongea kwa Mama kuna utaratibu. Shikamoo. Marahaba mwanangu. Habari za huko? Nzuri. Za kazi? Nzuri. Baba Idrisa? Hajambo. Mtoto? Baridi? Halafu zamu yangu ya kuuliza, na yeye anajibu nzuri, tunamshukuru Mungu, kuku wazima, majirani wazima. Kwetu hata nyumba ikiwa inaungua utajibu nzuri kwanza. Ubaya unakuja baadaye, nyuma ya neno moja dogo.

Ila.

Hatujambo mwanangu, ila. Nimelichukia neno hilo kwa miaka. Ila bati la jikoni limeng'olewa na upepo. Ila shangazi yako analalamika hujampigia. Ila mjukuu wangu mbona hajui kuniamkia. Ila unakuja lini. Hasa hilo la mwisho, maana mara yetu ya mwisho kwenda Idrisa alikuwa anatambaa, na sasa ana miaka minane, na jibu langu limekuwa mwakani tangu alipoanza kutembea.

Kazi yangu ni kupokea simu kwenye kliniki ya meno. Siku tano kwa wiki nawasikiliza watu nisiowajua wakinisimulia habari za magego yao, na ninawajibu kwa sauti ya asali, pole sana, ilianza lini, usiku unapata usingizi? Ikifika Jumamosi masikio yangu yamejaa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Mtu akitaka kufanya baya hakosi sababu.

Mwanzoni mtandao ulikuwa unakwama wenyewe. Siku moja mwaka jana Mama alikuwa ameanza ila yake, picha ikakwama kweli, akaita haloo, haloo, akasema imekatika tena, akakata. Nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyeahirishiwa mtihani. Jumamosi iliyofuata mtandao ulikuwa mzima. Ila ikaja, na mimi nikakwama kwa hiari yangu.

Si kazi ngumu. Unaacha mdomo nusu wazi, kama neno limekatikia katikati. Macho usiyapepese. Pumzi unaishika. Mama ananiita jina langu, Zuhura, Zuhura, mara mbili tatu, halafu ananyamaza. Anakaa kimya hivyo kwa dakika nzima, siku nyingine zaidi, na mimi nimetulia kama picha ya pasipoti, televisheni nyuma yangu ikiendelea na vikatuni vya Idrisa. Mwishowe anakata. Naachia pumzi, nabandika chai, nachukua rimoti.

Mwanamke wa miaka arobaini na moja.

Mwezi wa kumi na moja mwalimu wa Idrisa aliniita shuleni. Alisema mtoto ana tabia mpya, akiulizwa swali asilolijua anajigandisha, mdomo wazi, macho kodo, mpaka darasa zima linacheka. Aliniuliza kama najua ameitoa wapi. Nikamwambia watoto wa siku hizi wanaona mengi kwenye televisheni. Hata hapo sikuacha.

Leo ilikuwa simu ya kwanza ya Mama tangu tufungiwe faiba. Idrisa alikuwa kwenye kochi, ubavuni kwangu, na uji wake. Picha ikafunguka safi mpaka nikashtuka. Siku zote Mama wa kwenye simu alikuwa viraka viraka vya rangi, ukimkadiria zaidi ya kumwona. Leo niliona uzi uliofumuka kwenye upindo wa kanga yake. Nikaona alivyokwisha, mashavu yamebonyea, shingo imebaki mishipa. Na nikaona jambo ambalo mtoto anayemtazama mama yake angeliona zamani. Mama hanitazami. Alikuwa amegeuza uso pembeni, sikio ameielekezea simu, kama mtu anayesikiliza redio yenye betri dhaifu.

Nikadhani amesahau kamera iko wapi. Tukaamkiana. Nzuri, nzuri, tunamshukuru Mungu, kuku wazima.

"Hatujambo mwanangu," akasema, "ila..."

Na mimi nikaganda. Wallahi sikupanga, mwili ulifanya wenyewe kwa mazoea. Mdomo nusu wazi, macho kodo, pumzi nimeishika, mbele ya picha inayoonyesha hadi kope.

"Mommy," Idrisa akasema kwa sauti ya kusikika hadi barazani Korogwe, "why are you doing the face? We have the new internet. It doesn't freeze."

Hamisi alikuwa amekaa karibu na Mama. Hamisi anafundisha sekondari, Kiingereza anakijua, akaelewa mtoto anauliza mbona nafanya ule uso ilhali mtandao mpya haukwami. Nilimwona akiinamisha kichwa, akijikuna kisogo. Hapo ndipo pa kutubu, pangekuwa na mtu mwenye utu. Mimi nilipepesa macho nikasema, "Aa, sasa imerudi."

Njia ya mwongo fupi, na bado nilitaka kuirefusha kwa hatua mbili.

"Imerudi?" Mama akasema. "Haya, alhamdulillah. Nilikuwa nasema, ila macho."

Jicho lake la kulia limezima. Lilianza kufifia mwaka jana baada ya Ramadhani, akadhani ni moshi wa jikoni. Alitaka kuniuliza mimi kwanza, kwa kuwa ninafanya kazi na madaktari, na kwa Mama daktari wa meno na daktari wa macho ni ukoo mmoja. Hamisi alitaka kunieleza, akamkataza. Alimwambia habari ya ugonjwa wa mama, mtoto huisikia kwa mama mwenyewe, si kwa kuletewa. Basi kila Jumamosi anajipanga, anamaliza salamu kwa taratibu zake, akifika kwenye ila mtandao unakatika. Mwezi uliopita Hamisi alimlazimisha, wakaenda hospitali. Daktari akasema ni presha ya macho. La kulia halirudi tena. La kushoto bado linaona kidogo, atatia matone kila siku maisha yake yote ili lisimfuate mwenzake. Akasema pia kwamba angefika mapema ingekuwa habari nyingine.

Angefika mapema. Tangu asubuhi nimekaa na maneno hayo mawili. Mama alikuwa anangoja nimwambie tu nenda hospitali. Angekwenda kesho yake, angevaa baibui lake zuri na kuwaambia majirani mwanangu wa Ulaya kanituma, maana kwake hata Kanada ni Ulaya. Pole sana, ilianza lini? Nayajua kwa moyo maneno hayo, nayasema siku nzima kwa watu wenye magego. Kwake nilikuwa nimeshika pumzi.

Nikaanza kulia. Mama akasikia.

"Usilie bwana, sijafa. Halafu huo mtandao wenu usikusumbue. Ukikatika, mimi sikati upesi. Sauti inabaki. Naisikia televisheni yenu, namsikia Idrisa anacheka. Nakaa kidogo nasikiliza nyumba yako, ndipo nakata."

Sauti. Sikuwahi kuifikiria sauti. Nilikuwa namfichia uso mtu asiyeuona, na televisheni nimeiacha inapiga kelele. Mtoto mdogo anayejificha nyuma ya pazia huku miguu inaonekana ana akili kunizidi.

Nikamtazama usoni nione kama anajua. Alisema kwa upole, hakuna kijembe, hakuna tabasamu la pembeni. Nikajishikiza hapo. Nikajiambia Mama ni mtu mzima wa Korogwe, mambo ya mtandao atayajulia wapi, kwake mtandao unaweza kukatika na vikatuni vikabaki. Nikamsukuma Idrisa aje mbele. Akasema "Shikamoo Bibi" kwa lafudhi yake ya hapa, akaitikiwa kama aliyehitimu Kurani. Nikahisi tumepona.

Tukaagana. Mama akaiweka simu chini bila kukata, kitufe hakioni. Kwenye picha nikabaki na boriti za dari na utando wa buibui. Nilikuwa nimenyoosha kidole nikate mimi, nikasikia sauti ya Hamisi, na Hamisi alikuwa amekasirika.

"Mama, alikuwa anajifanya. Hata mtoto wake amemsema. Siku zote alikuwa anajifanya tu."

"Najua," Mama akasema.

Yakasikika maji yanamiminwa. Nadhani alikuwa anataka kutawadha, Magharibi ilikuwa inakaribia.

"Najua, Hamisi, tangu mwaka jana najua. Mtoto nimemzaa mwenyewe, nisimjue akinyamaza? Wewe funga mdomo wako. Akigundua kuwa tunajua ataona haya, na akiona haya hatapokea tena simu."

Nikakata taratibu, kama unavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Idrisa akaniuliza kama nimekwama tena. Nikamwambia hapana.

Kwa hiyo Mama alikuwa anajua. Kila nilipojigandisha alijua, akangoja, akaisikiliza nyumba yangu, akakata simu yeye ili mimi nisichoke kushika pumzi. Angeweza kusema acha ujinga Zuhura, jicho langu linakufa. Hakusema kwa sababu aliogopa kuzipoteza hata hizo Jumamosi zetu. Nimezaliwa na mtu wa namna hiyo, na jicho lake moja limekwenda akinisitiri mimi.

Nimelia mpaka nimechoka, halafu nimekasirika, kwanza naye, kwa nini asinitukane tu, halafu na Hamisi, halafu hasira imerudi kwangu mwenyewe, ilikotoka.

Nimefikiri nimpigie nimwombe radhi. Nikimwomba kwa simu atajua nimesikia, na Hamisi atakula matusi kwa kosa langu. Nisipoomba, nitakuwa naendelea na mchezo ule ule, safari hii kwa sauti na picha safi. Na ukweli ni kwamba kwenye simu najijua. Akisema ila ya pili nitatafuta pa kutokea.

Jumatatu naomba likizo kazini. Baba Idrisa akirudi nitamweleza yote, pamoja na ile ya mwalimu, na ile ya masomo ya mtoto. Mwakani imekwisha. Naogopa kwenda, niandike hivyo pia. Naogopa kumkuta amezoea kupapasa ukuta.

Nitakwenda Korogwe nikae naye mkekani, upande wa kushoto, unakobaki mwanga. Nitamwamkia, tutaulizana mpaka kuku waishe. Halafu safari hii ila nitaisema mimi.