Pikipiki Yako Haitafika Kasenga

Baba Chola,

Ni mie bibi yako. Ninakuandikia inje, ku ukuta ya nyumba yetu ya Katuba, juu ya vile mule ndani siwezi kukaa. Harufu ya dawa ya kifua yako ingali mu blanketi. Kesho mama yako na bandugu ya Kasenga, bale balishafikia kwa ndugu yao mu muji, banakuja kumaliza kilio. Batapatia Mwansa, mudogo yako, jina yako, mushipi yako na pikipiki yako. Yeye njo atakuwa wewe. Desturi ni desturi, sibishani. Jina akamate. Mushipi akamate. Lakini ile pikipiki haina freni.

Unashangaa, wewe uliyeiacha na freni ngumu sawa jiwe. Wakati ulikuwa unalala ku hospitali, Mwansa alikuwa anaitembeza. Akaona mafuta ya freni inapunguka mu kopo ya juu. Alitafuta ingine mu muji, hakupata. Unajua Zaïre yetu, hata chumvi inakosekana. Akajaza mafuta ya motere, ile ya injini. Alinielezea yeye mwenyewe, na kucheka: "Mulamu, mafuta ni mafuta." Tangu ile siku, ukikamata mukono ya freni inashuka mupaka mwisho, na gurudumu ya mbele inaendelea kuzunguka, haina habari.

Unakumbuka namna tulikuwaka tunatosha upepo mu freni, tunaiondoa yote inje? Wewe chini pa gurudumu, na fungulo, chupa na kampira kadogo. Mie juu, ninapiga pompe na mukono ya freni. "Shika!" Ninashika. Unafungua vise, ile skrubu kadogo, mafuta inatoka na mapovu, unafunga. "Acha." Mara ya kwanza niliacha mbele ya wewe kufunga, upepo yote ikarudia ndani. Nilingoja unigombeze. Ulifuta mikono tu, ukasema tuanze tena. Bajirani balicheka, mwanaume gani anatengeneza pikipiki na bibi yake? Ukabajibu: "Nani mwingine atashika vile?" Wee bwana, yale maneno ilinifurahisha kuliko kitenge yote uliyoniletea. Sikukuambiaka.

Leo asubui nilikamata nafasi yako pale chini. Mama Kapinga, jirani yetu ya Kasai, alikubali kushika mukono ya freni. Maskini, anaogopa pikipiki sawa nyoka, na mimi ninamupigia makelele, shika, acha, shika. Tulitosha mafuta yote ya Mwansa, nyeusi, chafu. Tukaweka ile mafuta ya kweli uliyobakisha mu sanduku ya bifaa, ile Mwansa hakuulizaka. Mapovu ilitoka, ikapunguka, ikaisha. Mukono ya freni ikapanda, ikakuwa ngumu. Tulipiga makofi, bamama wawili na matope ku magoti! Nikasema, ona, bwana yangu angali ananisaidia.

Tulipomaliza kunywa chai, mukono ilikuwa imelala tena.

Nilifungua pompe yenyewe ya freni, ile haukuniachaka niguse. Mipira ya ndani ilikuwa imevimba, laini, inanata ku vidole. Mafuta ya motere iliikula. Pale hata utoshe upepo mupaka mwaka mwingine, ni bure. Nilienda soko, nikaenda mu maduka ya muji. Kila mahali jibu moja, mipira ya vile haiko, ngoja. Ningoje nini? Nilirudia nyumbani, nikalia kando ya pikipiki vile sikulia hata siku ya kukuzika. Ile siku bantu balinishika. Leo hakukuwa muntu, na ningependa kufa, Baba Chola, ninakuambia wewe tu.

Nilimutafuta Mwansa, nikamuelezea yote. Anajibu freni ya nyuma inatosha. Anataka kubeba samaki, kutoka Kasenga kuja huku, na bibi yake ku kiti ya nyuma, na mutoto ku mugongo. Wewe unajua ile barabara, namna inateremuka, na malori. Nilimutuma muntu kwa mama yako pia. Alirudi na neno moja: mujane hapendi kutoa mali.

Basi nilitosha gurudumu ya mbele. Nikakamata ekisi yake, ile chuma inapita katikati, na ile pompe ya freni, nikabeba mupaka ku choo, nikatupa mu shimo. Nilisikia vile inaanguka. Pikipiki yako imepiga magoti mu lupango, hapa mu uwanja yetu, haina sura ya kuangalia.

Ninajua kesho iko namna gani. Batasema nimeharibu mali ya marehemu. Hawatanipakaa unga ya kusafisha mujane, hawatanitosha lufu, ile kifo inayobakia ku mujane. Nitabakia na kifo yako ku mwili, na muntu wa kwenu hatakula tena mu sahani yangu. Hata bajirani bataanza kupita mbali na mie. Mama Kapinga tu sijui. Ninaogopa, siwezi kukudanganya. Ninaogopa sana, na wewe hauko.

Lala, bwana yangu. Nimechoka, karatasi inaisha. Ninakuahidi hii moja: bakinitukana sitajibu, bakiniita mulozi sitajibu, na ile shimo sitamuonyesha muntu. Kesho kutwa mudogo yako atapanda lori kurudia Kasenga, ananilaani, muzima.

Mama Chola