Karatasi ya Udaga

Jumatatu, 5 Juni 1995

Maharage jikoni, moto mdogo. Nimeosha vyombo. Nimefagia. Nimemgombeza mume wangu, Baba Kulwa, kwa kuegesha baiskeli mlangoni. Yote ya kila siku. Kisha nimefuta vumbi kwenye taipureta, na hilo si la kila siku.

Miaka mitatu sijaandika Jungu la Jumapili. Karatasi moja tu ya mapishi, inayodurufiwa ofisi ya parokia na kubandikwa ubaoni nje ya kanisa. Niliacha mama mkwe alipohamia kwetu akiwa mgonjwa. Watu wanadhani ni kwa sababu ya kumuuguza. Nusu ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba alikuwa ananitazama nikipima unga kwa kikombe na kuandika, anacheka. "Chakula hakiandikwi, mkamwana. Chakula kinatazamwa." Mkono ukawa mzito.

Tumemzika Januari. Namkumbuka. Pia nimepumua. Yote mawili ni kweli.

Nimejiahidi: kila Jumapili, bila kukosa.

Jumatano, 7 Juni

Naanza na udaga, ugali wa unga wa mihogo, kwa dagaa wa karanga. Ni chakula chake. Mimi mtu wa Samuye, kwetu ni mtama. Udaga nimejifunza hapa Ushirombo, nikiwa nimesimama nyuma ya mgongo wake.

Shida ni nafasi. Stensili, ile karatasi ya kudurufia, ni moja, na Padri anataka robo ya chini kwa matangazo ya ndoa. Salamu zangu za kurudi zimekula mistari kumi na minne. Nimeeleza nilikuwa wapi, nimewatania wanaume wanaosonga ugali wa majimaji, nimetia na methali. Salamu tamu. Sikuwa na moyo wa kuzikata. Nikakata kwenye mapishi, yale ya wazi ambayo kila mtoto wa hapa anayajua. Yamebaki: menya mihogo, pasua, anika hadi ikauke, twanga, chekecha, songa. Safi kabisa.

Jumapili, 11 Juni

Imebandikwa. Baada ya misa nimesimama pembeni nikijifanya natafuta leso kwenye mkoba. Wamesoma watu wanne. Mmoja alikuwa anatafuta tangazo la ndoa ya binti yake.

Nakala zilizobaki nimempa Masanja, dereva wa lori, azigawe huko aendako. Labda atafungia karanga.

Jumapili, 25 Juni

Karatasi ya tatu leo. Hakuna aliyesema neno. Hata la kunikosoa. Baba Kulwa ananiambia haba na haba hujaza kibaba. Nimemjibu kibaba changu kina tundu. Nimeona aibu kwa jinsi ninavyotaka kusomwa. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili.

Jumapili, 2 Julai

Nimefurahi leo kuliko siku nyingi sana.

Masanja amekuja nyumbani hasa kuniambia. Kwenye kambi moja ya wachimba dhahabu, ng'ambo ya Masumbwe, kuna mama anaendesha mgahawa. Mama Zubeda, mtu wa Tanga. Ile karatasi yangu ya kwanza ameibandika ukutani kwa ugali, juu ya mafiga. Anaiita barua yake. Amenunua mihogo shambani kwa watu, wiki nzima ilikuwa imeanikwa juu ya bati, na jana alikuwa anatwanga. Leo mchana wachimbaji wanakula udaga wa Mama Kulwa.

Udaga wa Mama Kulwa. Nimelirudia jina hilo peke yangu jikoni mara tatu.

Jumanne, 4 Julai

Naandika vibaya.

Masanja amerudi. Amekataa kukaa. Juzi mchana watu kumi na mmoja walioshiba kwa Mama Zubeda walianza kutapika. Kizunguzungu, kichwa kinapasuka, miguu haina nguvu. Zubeda mwenyewe, mtoto wa miaka sita, alizimia. Wamepelekwa zahanati kwa gari la mchanga. Hajafa mtu. Nimemuuliza mara mbili. Hajafa mtu.

Kambini wanasema Mama Zubeda kawatilia sumu. Wengine wanasema ni mchawi, katumwa kufukuza watu ili mashimo yabaki kwa wenye kumtuma. Mwanamke mgeni, hana ndugu, hana mume pale. Usiku wa jana walitaka kuchoma mgahawa. Mwenyekiti wa kambi amewaomba wasubiri hadi wagonjwa warudi. Wakirudi, sijui.

Masanja alipotoka nimekwenda kuchukua nakala yangu. Nimeisoma kama msomaji. Menya. Pasua. Anika.

Hakuna kuloweka.

Nimeisoma tena. Hakuna. Mihogo ya hapa ni michungu, ina sumu. Inalowekwa siku nne ndipo inaanikwa. Nani asiyejua? Mtu wa Tanga. Kwao muhogo ni mtamu, wanautafuna mbichi, wanauchoma, wanaupika kwa nazi. Mama huyu anaujua muhogo tangu utotoni, ndiyo maana hakuuliza.

Mstari niliufuta kwa mkono wangu ili methali ipate nafasi.

Nimekaa chini sakafuni. Maharage yameungua.

Jumatano, 5 Julai

Baba Kulwa anasema niandike barua, aipeleke Masanja. Anasema watu wenye hasira hawachagui wa kumpiga. Ana haki ya kuogopa. Naogopa kuliko yeye.

Lakini ataisoma nani? Barua ya kwanza waliisoma, tazama.

Nakwenda. Amenuna, kisha amefunga nguo zake pia.

Alhamisi, 6 Julai

Kambini. Vumbi jeupe kila mahali, hata kwenye nyusi za watu.

Mama Zubeda nilimdhania mtu mzima wa makamo. Ni binti wa miaka ishirini na saba hivi. Amejifungia ndani ya mgahawa na mtoto wake, aliyerudi jana. Zubeda anasimama akishika ukuta. Nikajitambulisha. Nilitegemea anitukane. Alinipigia magoti. "Shikamoo, mama. Mwalimu wangu umekuja." Kisha akaanza kuniomba radhi yeye. Eti pengine alikosea mahali, hakuchekecha vizuri. Akanionyesha karatasi ukutani. Kila neno alilolitimiza amelipigia alama ya mkaa pembeni. Menya, alama. Pasua, alama. Hakuruka hata moja.

Nimeshindwa kuitikia marahaba. Nimelia mbele ya mtoto.

Baadaye uwanjani, watu kama sitini. Mwenyekiti ni mzee wa Kisukuma, mfupi, mpole wa sauti. Nimesimama nikasema wazi kwamba kosa ni langu, nimeandika mapishi nikaacha kuloweka. Kijana mmoja, Msumbwa wa hukuhuku, alikuwa mmoja wa waliougua. Akamgeukia Mama Zubeda.

"Dada, hukuloweka?"

"Kuloweka nini, kaka?"

Akashika kichwa. Akasema alionja uchungu siku ile, akadhani ni unga wa zamani, akala kwa sababu ya njaa. Baadhi wakaanza kucheka kwa mshangao. Wengine hawakucheka. Mmoja nyuma akasema wachawi wawili wamekuja kusaidiana maneno.

Mwenyekiti akaamua kwa desturi. Kwetu Usukumani anayekaribisha chakula au pombe huonja kwanza, kila mtu aone. Nitapika udaga hapahapa, kwa mihogo ya shamba lilelile. Nitakula mimi kwanza, kisha Mama Zubeda. Tukisimama hadi jioni, maneno yameisha. Tusiposimama, yamekwisha pia. Alisema hivyo bila kubadilisha sauti.

Ijumaa, 7 Julai

Nimemenya mihogo tangu alfajiri, Mama Zubeda pembeni. Nimeiloweka kwenye pipa. Mwenyekiti ameweka mtu wa kulinda pipa, kwa zamu. Mchimbaji mwenye sururu analinda mihogo. Siku nyingine ningecheka.

Sasa ni kungoja siku nne.

Jumapili, 9 Julai

Hakuna misa. Hakuna Jungu la Jumapili. Nimekosa, na hii ni wiki ya tano tu tangu nirudi.

Hakuna anayenunua hata chai kwa Mama Zubeda. Anapita kisimani, wanawake wanasogeza ndoo. Ananiuliza kila kitu: maji yabadilishwe? Yafunikwe? Nitajuaje imeiva? Nikajibu, "Utaona tu." Akanitazama. Nikamchukua mkono, nikauzamisha kwenye pipa, akabonyeza muhogo mwenyewe. Bado mgumu. Hivyo ndivyo mama mkwe alivyonifundisha, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba nilifundishwa.

Sina hakika na mikono yangu. Nilikuwa na hakika mwezi uliopita.

Jumanne, 11 Julai

Imelainika, inanuka inavyotakiwa kunuka. Mama Zubeda kaziba pua, akasema kwao Tanga kitu hiki kingetupwa pamoja na pipa lake. Mara ya kwanza namsikia akitania. Tumeikamua, tumeitandaza juu ya bati. Jua kali, shukuru Mungu.

Ijumaa, 14 Julai

Tumetwanga na kuchekecha asubuhi, nimesonga saa sita. Uwanjani, mchana kweupe. Watu wengi kuliko siku ile.

Nimenawa. Nimemega tonge. Najua mihogo, najua siku nne zinatosha, nimekula chakula hiki miaka thelathini. Na bado nimelishika tonge bila kulitia kinywani. Nimeogopa unga wangu mwenyewe. Sikujua kwamba mtu anaweza kufika hapo. Nikameza. Mama Zubeda akamega, hakusita hata kidogo, akala akiniangalia mimi. Bado ananiamini. Hilo limenishtua kuliko sumu.

Kisha tukakaa. Saa saba. Saa nane. Nikihesabu mapigo ya moyo. Baba Kulwa hakuondoka ubavuni pangu. Saa tisa yule kijana Msumbwa hakuvumilia, akaja akanawa, akajichotea. Akatafuna. Akasema mboga imezidi chumvi.

Watu wakasogea mmoja mmoja. Mwenyekiti alikula wa mwisho, akafuta vidole, akamwambia Mama Zubeda kesho amletee uji wa asubuhi kama kawaida. Hayo tu. Akaenda zake.

Zubeda amevuka uwanja peke yake, bila kushika ukuta, kuja kuomba dagaa.

Jumatatu, 17 Julai

Nyumbani. Nimelala mchana mzima kama mgonjwa.

Nimeandika upya. Bila salamu, bila utani, bila methali. Mstari wa kwanza kwa herufi kubwa: LOWEKA MIHOGO SIKU NNE. Chini yake nimekiri kwamba karatasi ya kwanza ilikosewa, na aliyekosea ni mimi. Padri aliniuliza kama ni lazima kukiri ubaoni. Nikamwambia ubaoni ndiko nilikokosea.

Nakala ishirini kwa Masanja. Nimemwomba ya kwanza aibandike mwenyewe juu ya ile ya mkaa.

Jumapili, 23 Julai

Kumepoa leo. Upepo kidogo.

Baada ya misa sikujificha nyuma ya mkoba. Nilikwenda moja kwa moja ubaoni. Hapakuwa na mtu. Chini ya karatasi yangu, penye nafasi niliyoiacha wazi, mtu ameandika kwa kalamu ya risasi, herufi za mtu asiyeandika mara kwa mara:

Na maji ya kulowekea tunapikia?

Nimesoma karatasi yangu juu hadi chini. Kweli, sijasema. Sijasema popote.

Nikaomba kalamu kwa mlinzi wa kanisa. Nikaandika: Hapana. Mwaga, mbali na mbuzi. Nikasimama hapo muda mrefu, nikiisoma upya kama mtu wa Tanga, nikitafuta mengine.