Kumweka Shikuku Benchi

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi jioni kama kawaida. Vumbi mpaka kwenye meno. Shikuku amechelewa tena. Ndiye kipa wa timu ninayoifundisha, na ndiye keateka, msimamizi wa ploti ya kupanga ninayoishi hapa mtaa wa Pipeline. Jana tumefungwa bao la kijinga. Mpira unakuja, yeye amegeuka, anamgombeza mpangaji aliyesimama nyuma ya goli kwa kuacha takataka kwenye ngazi. Mpira umempita polepole. Hata mimi ningeudaka, na kitambi changu.
Jumapili ni nusu fainali ya kombe la mtaa, sisi na watu wa mtaa wa Baba Dogo. Sijalala vizuri.

Jumatano, 5 Machi
Nimempata mtu wa goli. Anaitwa Mutiso, kijana wa mjengo. Kazi yake ni kudaka karai tupu zinazorushwa kutoka juu wakati wa kumwaga zege. Leo tumempigia mashuti hadi giza likaingia. Amekubali bao moja tu, na hilo ni kwa sababu simu yake iliita. Shida yake, haongei. Hata salamu anaitikia kwa kichwa.
Nimeamua. Mutiso ataanza.
Nimemwambia mke wangu. Akaacha kukata sukuma wiki, akaniangalia. "Baba Njeri, umefikiria maji?"
Sikuwa nimefikiria maji. Nilikuwa nafikiria mpira. Ufunguo wa tangi anao Shikuku.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia Shikuku. Nilikuwa nimejipangia hotuba ndefu, ya heshima. Nikamkuta juu ya ngazi akibadilisha balbu na hotuba yote ikanipotea. Nikasema, "Jumapili utaanza benchi."
Akamaliza kukaza balbu. Akashuka. "Sawa, Kocha."
Hiyo sawa sikuipenda kabisa.

Ijumaa, 7 Machi
Hakuna maji. Ghorofa zote. Shikuku anasema pampu imeharibika. Anasema akitabasamu.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi nimenawa uso kwa maji yaliyochemsha mayai.
Saa nne wajumbe wa wapangaji wakaja. Mama Brayo wa chini, pasta wa ghorofa ya tatu, na wengine wamejaa hadi koridoo, kila mtu na mtungi wake mtupu. Mke wangu aliwakaribisha viti. Kisha akaketi upande wao!
Mama Brayo hakuzunguka. "Kocha, mrudishe tu huyo mtu golini. Sisi hatutafuti kombe. Tunatafuta kuoga."
Pasta akasema amina.
Niliwaambia nitalifikiria. Ukweli ni kwamba nilikaribia kukubali hapo hapo. Nilitaka hata kusema Mutiso ameugua. Mimi ni mwoga. Lakini bao la Jumapili iliyopita bado naliona nikifunga macho.
Mutiso ataanza. Nanuka jasho, lakini ataanza.

Jumapili, 9 Machi

Shikuku alikuja amevaa glavu, akaketi benchi kama mtu aliye matangani. Hakunisalimia. Mutiso alikuwa anadaka kila kitu, ila mabeki wetu walikuwa wanagongana kama kuku, maana kipa wao hasemi neno. Hivyo ndivyo tulivyofungwa, na mapumziko tulikuwa bao moja kwa moja.
Kipindi cha pili Shikuku akainuka, akaenda kusimama nyuma ya goli letu. Nikajua nimekwisha. Anaenda kumtukana kijana.
Akavuta pumzi. "Wewe namba mbili, nani atafunga huo mlango? Barasa, toka koridoo! Msongamano wa nini hapo?"
Sauti ile ile ya kufukuza watu kwenye ngazi. Mabeki watatu ni wapangaji wake. Wakajipanga mara moja, kwa hofu tupu. Refa akamwonya. Kocha wa Baba Dogo akalalamika eti tuna wachezaji kumi na wawili. Shikuku akaendelea.
Tukapata bao la pili. Mwishoni shuti kali, pembeni chini. Mutiso akaruka, akalitoa kwa vidole. Shikuku ndiye wa kwanza kumfikia. Alimkumbatia hadi nikaogopa atamvunja.
Jioni pampu ikapona. Hakuna aliyeuliza fundi alikuja saa ngapi.

Jumatano, 12 Machi
Siku tulivu. Nimemkuta Shikuku ameketi kwenye ngazi, nikaketi naye.
"Kocha, nilianza kuwa mbaya golini lini?"
Nikafikiria kudanganya. "Mwaka juzi."
"Na ukaniacha tu?"
"Nilikuwa nakuogopa."
Akatikisa kichwa. Akasema magoti yanamuuma tangu wakati huo, ila hakujua Jumapili angekuwa anafanya nini kama si mpira. Nikamwambia fainali aje asimame palepale nyuma ya goli, mabeki hawasikii mtu mwingine.
Akasema ataona kama ana nafasi.
Akainuka polepole, ameshika ukuta, akaenda kufunga geti.