Mama Alisema Salama, Nami Nikatafsiri Hivyo Hivyo

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa maktaba ya shule kwa sababu nyumbani mama angeniuliza naandika nini, na mimi nikiulizwa kitu, hata kama sina kosa, uso wote unaniwaka. Naomba msaada wako ila jina langu usiliweke, ingawa gazeti lenu mama hulichukua pale duka la mikate na ukurasa wako huusoma kwa sauti huku nikimshikia pini, kwa hiyo huenda akanitambua tu, na huenda, sijui, huenda ndicho ninachotaka.

Mama ni mshonaji, anashona yale magauni mapana ya wasichana wanaotimiza miaka kumi na tano, na mwezi uliopita akirudi kununua kitambaa, lori la barafu likapita taa nyekundu likaligonga gari letu ubavuni, upande wake, na polisi akaandika kwamba kosa ni la dereva wa lori, hapo hakuna ubishi. Mama alishuka mwenyewe, akamuuliza yule dereva kama ameumia, akampa maji yake ya kunywa, ndivyo alivyo. Lakini tangu siku ile mkono wa kulia haupandi kupita kifua, analala amekaa kwenye kiti cha sebuleni, na juzi daktari wa kliniki amesema kano ya begani imechanika na huenda akahitaji upasuaji. Gauni la binti wa jirani limetundikwa mlangoni bila mikono.

Sasa mimi nilichofanya. Shuleni nasoma kwa Kiingereza na nyumbani ni Kihispania, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo mimi ndiye napokea simu zote, za umeme, za daktari, hata za walimu wanaonilalamikia mimi mwenyewe. Siku chache baada ya ajali, kabla hatujaenda kliniki, akapiga mwanamke wa kampuni ya bima ya wale wa barafu, sauti tamu kama ya mtangazaji, akasema mazungumzo yanarekodiwa, sawa? nikasema sawa, maana sikujua kama mtu anaweza kujibu si sawa. Akasema nimuulize mama anaendeleaje leo. Mama alikuwa jikoni, akajifuta mikono kabisa kama vile yule mgeni yuko mlangoni.

"Mwambie salama, mwanangu, namshukuru Mungu. Na yeye je, watoto wake hawajambo?"

Nikatafsiri hivyo hivyo. Yule mwanamke akacheka, akauliza kama mama analala vizuri.

"Mwambie nalala."

"Mama, wewe hulali."

"Itzel, mtu kapiga simu kutujulia hali, unataka nimmwagie maumivu yangu? Mwambie nalala."

(Mshauri, jina hilo tafadhali lifute.)

Nikamwambia analala. Wiki hii imekuja barua kutoka kwao, ikitaja hundi ndogo wanayosema wataituma mama akitia sahihi hati ya kumalizana, na humo wameandika kwamba mhusika mwenyewe alieleza yu salama na analala vizuri. Watapiga tena Ijumaa. Mama anataka kusaini. Anasema watu wa heshima hawageuzi ajali kuwa mradi, na kwamba aibu kubwa ni kuonekana na wakili kama wale wa kwenye mabango ya barabara kuu, mmoja kavaa kofia kubwa, mwingine kasimama juu ya tairi la lori.

Halafu kuna Don Nicanor, baba yangu wa ubatizo, ana gereji ya kunyoosha bodi za magari, na sherehe yangu ya miaka kumi na tano yeye ndiye aliyegharamia bendi. Yeye amekuja na mkataba wa wakili wa kofia, umeshajazwa, bado sahihi tu.

"Doña Eufemia, saini, mengine niachie mimi."

Mama akamuuliza, "Huyo wakili nitamwona lini?"

"Umwone wa nini? Si unamwona kila siku pale kwenye bango?"

Baadaye mama akaniambia kama ni lazima wakili basi atakuwa huyo huyo, kwa sababu ukimkatalia mtu aliyekushikia mtoto kwenye maji ya ubatizo, Jumapili kanisani utakaa benchi gani? Binamu yangu anasema Don Nicanor hupewa chochote kwa kila majeruhi anayempeleka kule. Sijamwambia mama, na sijamwambia pia kwamba nilijua simu inarekodiwa. Kila nikimwona amelala kwenye kile kiti nasema mdomo wangu ndio umeuza bega lake. Je, nimeshaharibu? Na wakili wa kweli mtu anampataje, mtu kama mimi ambaye hata kuagiza mkate nanong'ona?

Mimi, mkalimani wa nyumbani
McAllen, Texas

*

Mkalimani mpenzi,

Jina lako nimeliacha lilipo, na nitakueleza sababu. Kwanza pumua. Hujaharibu. Katika bonde letu hili la mpakani hakuna mama aliyelelewa vizuri anayeulizwa hali akaanza kutaja kano. Mawakili wa huku wanakutana na hiyo "salama" kila wiki. Maneno ya kwenye simu ni kitu kimoja, picha za daktari ni kitu kingine, na wakili anayejua kazi yake atajua la kufanya, ila umwambie mwanzoni kabisa, usimwache alisikie kwa wapinzani. Ulitafsiri ulichoambiwa. Mwenye kosa ni aliyependa kumtumia mtoto kama daraja wakati kampuni yake ina uwezo wa kuajiri mkalimani.

Ijumaa wakipiga, mama yako halazimiki kuzungumza na bima ya upande ule. Sema, "Mama hataongea tena, tutawajibu kupitia wakili," ukate. Ndiyo, hata kwa kunong'ona, simu inasikia. Ile hati asiitie sahihi. Akishasaini mlango umefungwa, na upasuaji ukija ataulipia kwa sindano na uzi.

Don Nicanor sasa. Anawapenda, sina shaka, na bendi ilipiga vizuri. Lakini hapa Texas wakili kumlipa mtu amletee majeruhi ni kosa la jinai. Kama anayosema binamu yako ni kweli, wakili anayeanza hivyo hamtaki. Mwambie mama yako. Asigombane na mtu. Amwalike Don Nicanor ale, amwambie, "Nimekusikia, nitaonana na wengine pia," na mkataba urudi naye bila wino. Heshima ya ubatizo iko palepale, haitegemei sahihi.

Wakili wa kweli unaanza kumtafuta kwa waliowahi kuumia. Ulizeni kanisani, ulizeni kliniki. Ukipata jina, wewe mwenye Kiingereza fungua tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo uone kama amesajiliwa na kama amewahi kuadhibiwa, kazi hiyo haihitaji sauti. Onaneni na zaidi ya mmoja, mazungumzo ya kwanza kwa kawaida ni bure. Mama aulize nani hasa atashika kesi yake, mwenye sura ya kwenye bango au msaidizi asiyemjua. Aulize wakili atachukua asilimia ngapi ya fidia, na gharama zinatolewa kabla au baada ya hiyo asilimia. Mkataba uwe wa maandishi, aubebe nyumbani, aulalie. Anayesema saini leo, nyanyukeni. Na ofisi isiyo na mtu wa kuongea na mama yako kwa Kihispania, nyanyukeni pia, kwa sababu wewe hutatafsiri humo. Utakaa pembeni yake kama binti. Sheria inampa miaka miwili kufungua kesi, lakini picha za kamera za pale njia panda hazimsubiri mtu, kwa hiyo mwende wiki hii.

Sasa nipishe kidogo, nina neno na anayekusomea.

Doña Eufemia, jina lako pia nimeliacha, kwa sababu binti yako anaogopa kukuumiza kuliko anavyoogopa kutajwa gazetini. Kudai matibabu ya bega lako si mradi. Yule kijana wa lori ulimpa maji, kampuni yake nayo itengeneze ilichovunja. Weka gazeti chini. Mgeni hayupo, simu hairekodi, ni mwanao tu. Mwambie unaumwa wapi.