Pasi Haili, Ukuta Ndio Unakula

3 Februari

Kwako mjukuu wangu,

Hujambo huko chuoni? Unakula? Mimi mzima, ila nimevimba, na si miguu, ni roho.

Soketi ya chumbani kwangu imeungua, imepiga weusi. Taa ilikuwa inafifia kila nikichomeka pasi, nikamwita fundi Cheche, huyo aliyekufundisha umeme likizo ile. Hakufungua hata skrubu moja. Alisimama mlangoni, meno yote nje, akawaambia wapangaji, "Pasi ya bibi ni kongwe kama mwenyewe. Inavuta wati elfu tatu." Wakacheka, hadi yule jirani ninayemnyooshea mashati bure. Mwenye nyumba akanikataza kupiga pasi humu ndani.

Miaka ishirini na sita nanyoosha sare za wauguzi, sijaunguza hata kola. Leo nimekaa mikono mapajani kama mgonjwa kwenye foleni.

Niandikie jinsi ya kupata hizo wati. Herufi ziwe kubwa na hesabu ndogo, unajua niliishia darasa la tatu. Nataka kumuumbua Cheche mbele ya watu walewale.

Bibi yako

12 Februari

Shikamoo bibi,

Mimi sijambo na ninakula. Pole kwa yaliyokupata.

Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. ZIDISHA volti kwa ampea, utapata wati, yaani nguvu inayoliwa. GAWA volti kwa ampea, utapata ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyougomea umeme. Huo unahesabiwa kwa omu.

Geuza pasi, usome wati zilizoandikwa chini yake. Halafu, pasi ikiwa inawaka, volti zipimwe mahali pawili: kwenye meni swichi, ile swichi kubwa ya nyumba, na kwenye soketi. Ampea nazo zipimwe. Wewe usiguse waya, mwachie mwenye kipimo.

Na bibi, usimtukane. Ndiye aliyenipa kazi hii mkononi.

Mjukuu wako

25 Februari

Mjukuu wangu,

Uko salama? Mimi leo nimelala vizuri mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Hilo neno ukinzani nalijua zamani. Marehemu babu yako aliniita mkinzani kila siku ya ndoa yetu.

Nilimwita Cheche kwa upole. Nikamwambia alete kipimo chake awaonyeshe watu ubaya wa pasi yangu. Akaja amechana nywele. Wapangaji walijaa hadi ukumbini, na mwenye nyumba mbele. Cheche akapima, akataja kwa sauti, mimi naandika ukutani kwa chaki. Meni swichi, volti 240. Soketi, volti 200. Ampea 4.

Mwanzo nilizidisha pale pa kugawa, nikatangaza pasi ina omu mia nane. Akacheka hadi akashika kiuno. Nikafuta kwa kiganja, nikaanza upya polepole. Mia mbili gawa kwa nne, omu hamsini. Mia mbili mara nne, wati mia nane. Nikageuza pasi, nikampa mwenye nyumba asome mwenyewe: wati 1150.

Nikamuuliza Cheche, "Elfu tatu yako iko wapi? Pasi yangu haili, inashinda njaa. Na hizo volti arobaini zilizopotea njiani, nani kazila?"

Arobaini mara nne, wati mia moja na sitini, zinachemka ndani ya ukuta wangu. Hata jirani wa mashati alitazama viatu vyake.

Cheche akazima meni swichi, akafungua soketi, akavuta nyaya. Zimesokotwa ovyo, tena kuelekea kushoto, na utepe mweusi juu yake kama kidonda cha mtoto. Alizitazama sana. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo kazi yako, mwanaume mzima." Hakujibu neno. Alikusanya vifaa vyake akaondoka. Mwenye nyumba amemfukuza kazi za nyumba zake zote tatu.

Nimeshiba.

Bibi yako

4 Machi

Shikamoo bibi,

Natumaini u mzima. Mimi sili.

Waya mzima wa chumba chako, hata uwe mwembamba, haufikishi omu moja. Gawa arobaini kwa nne: ni omu kumi. Hicho ni kiungo kibovu. Kiungo hicho nilikifunga mimi, likizo ile. Fundi aliniambia nitie konekta, kile kibano cha kuungia nyaya, nikaona uvivu, nikasokota kwa mkono nikabandika utepe. Hakuna mwingine anayesokota kuelekea kushoto. Mimi natumia shoto, na alikuwa akinitania kwa hilo kila siku.

Alijua pale pale alipozitazama. Alininyamazia.

Usiwashe chochote hapo.

Mjukuu wako

19 Machi

Shikamoo bibi,

Sijapata jibu. Hujambo lakini? Nigombeze tu, nitasikia.

Mjukuu wako

2 Aprili

Wewe,

Mimi mzima. Hali yako sikuulizi.

Nilikuwa nanoa maneno, yakawa yanakatika. Nilikwenda kwa Cheche. Anauza balbu kwenye meza kando ya barabara. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Bibi, yule binti atakuwa fundi kunishinda. Nisingemchafua bado yuko chuoni." Nikamwambia asante. Halafu nikamwambia neno kongwe sijamsamehe, maana alilisema bila kupima. Akasema hata mimi nilimfukuzisha kabla sijajua kiungo ni cha nani. Hapo nikanunua balbu.

Sasa sikiliza. Nimemkataza kila fundi kugusa. Nyaya zimetoka ukutani kama utumbo, zinakungoja wewe. Chuo kikifunga njoo na koleo na hiyo konekta. Nitawaita wapangaji wote, na mwenye nyumba mbele. Utasema kwa sauti nani alisokota, kisha utafunga upya wakikutazama. Cheche atapima, na mwenye nyumba atamrudishia kazi zake pale pale. Hesabu nitapiga mimi. Ikifika wati zilizoandikwa chini ya pasi, Cheche atatamka mbele yao kwamba pasi yangu haina kosa.

Nitawasikiliza wote wawili nikiwa nimekaa kitini.

Huo mkono wa kushoto usije nao unatetemeka.

Bibi yako, bado