Wimbi la Kwanza la Zuhura

Jumatatu, 3 Juni
Siku nyingi sijaandika, nisamehewe. Mdogo anaota meno, silali. Leo nimefua, nimepika uji, nimefua tena. Shule zimefungwa, Zuhura, mkubwa wangu, anashinda gatini na ubao wa marehemu babu yake. Hapa ukimuuliza mtu kwao wapi, hataji wilaya. Anasema, sisi wa gatini. Na mtoto si wa gatini mpaka apande wimbi juu ya ubao, toka kwenye nguzo za gati mpaka mchangani. Mara ya kwanza husukumwa na mama yake mzazi. Mimi nimezaliwa Lushoto, milimani kwenye viazi. Bahari naijua mwisho magotini.

Jumatano, 5 Juni
Zuhura karudi analia. Wenzake wanamwita mtoto wa viazi. Wa rika lake wote wameshapanda, kabaki yeye. Nimemwambia shangazi yake atamsukuma. Hataki, anataka mimi. Basi hupandi, nikamwambia. Hakula. Namwonea huruma ila sikubadili neno. Naogopa. Mimi mwenyewe siwezi kuogelea.

Ijumaa, 7 Juni
Mama mkwe kaja, kambeba mdogo bila kuuliza.
"Kesho bamvua, maji yatajaa. Njoo baada ya alasiri."
Nikasema mama, siwezi.
"Maji hayang'ati, mwanangu. Mimi nilitokea Muheza, kusiko na bahari, nikamsukuma mumeo nimefumba macho."
Nimecheka. Halafu nimekasirika kwamba nimecheka.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeingia. Na gauni langu, kanga kiunoni, wifi kanishika mkono. Maji yakafika kifuani. Wanawake juu ya gati wananicheka, "Mama viazi, fumbua macho, unamsukuma nani?" Nikafumbua. Wimbi likaja, nikasukuma. Zuhura akapotea kwenye povu. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Kisha nikamwona mchangani, kalala juu ya ubao kama chura, anacheka, kamasi zinamtoka. Nimelia mbele za watu. Alhamdulillahi.

Jumapili, 9 Juni
Nimelala mpaka jua limepanda. Mdogo naye kalala. Nimempa Zuhura sheria: haendi peke yake, na maji yakianza kuvuta anatoka. Kakubali haraka mno, nitamchunga. Baba yao yuko kazini Horohoro. Nitamwambia atume mishumaa ya kusugulia ubao usiteleze, kaptura mbili za Zuhura, dawa ya fizi ya mdogo. Na gauni jepesi langu, la kuingilia majini.