Tabby, Nifungulie

Gatuanyaga,
3 Februari 2025

Kwa binti yangu Jentrix,

Pokea salamu nyingi. Mimi sijambo, ng'ombe hawajambo, ni vumbi tu linalotushinda. Wewe na hiyo Mwihoko yenu mnaendeleaje? Simu yangu ilitumbukia kwenye birika la ng'ombe ikafia humo, kwa hivyo barua hii nampa Mulei wa bodaboda, yule anayepeleka maziwa Ruiru.

Nimefurahi kusikia watu wa mchumba wako Kiama wanaleta mahari mwezi ujao. Kijana nampenda, ana adabu na hachagui chakula. Hiyo mila yao ya kusimama nje ya geti wakiimba mpaka wafunguliwe nimeikubali, na ufunguo nitaushika mwenyewe. Lakini umeniuliza kama nitapiga gitaa siku hiyo. Hapana, mama. Tangu mamako atutoke liko ukutani, na litakaa ukutani. Wale wa viwandani Thika waliokuwa wakicheza roki yangu ya midundo ya Bungoma wamezeeka au wamehama. Nani anamjua Khisa leo?

Siku mtu asiye wa nyumba hii ataniimbia wimbo wangu bila kufundishwa, nitalishusha. Na usiwafundishe, nakujua wewe!

Babako,
Khisa


Mwihoko,
9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Habari za huko? Mimi ni mzima, biashara ya nguo inasukumika, na Kiama anakusalimia sana.

Baba, wacha hizo. Wimbo wako nimelelewa nao. Umetoka shifti ya usiku, umekuta mlango umefungwa, mama yuko ndani kimya, nawe unabembeleza beti tatu nzima, "Tabby, nifungulie," na mlango haufunguki. Wimbo kama huo haupotei hivi hivi.

Sitawafundisha. Nilikuwa nimeanza kumnong'onezea Kiama, lakini nimeacha, naapa. Ila nataka ujue ninavyohisi. Mama hayupo. Gitaa nalo likinyamaza, nitaona kama nimeozwa na nusu ya wazazi wangu. Fikiria tu, baba.

Binti yako,
Jentrix


Mwihoko,
17 Machi 2025

Baba yangu,

Umeamkaje? Mgongo umepoa baada ya kubeba viti vyote vile? Sisi tulifika salama, na nyama mliyotufungia tumekula mpaka leo.

Sasa niambie. Juzi nilikuwa nimefungiwa chumbani na Maxine na wasichana wengine, sote tumefunikwa leso gubigubi, namngoja Kiama aje anitambue. Nikasikia wageni wanaimba, lakini na sisi kucheka kule ndani sikushika hata neno. Halafu wimbo ukakatika na mabishano yakaanza. Sauti yako ilikuwa juu kuliko zote! Maxine akasema, "Jentrix, hao wamefukuzwa. Toa leso twende tukule." Nilidhani umewakataa.

Ndipo nikasikia gitaa.

Nililia, baba. Unajua Kiama alinitambuaje chini ya leso? Kwa kwikwi! Jioni nilitaka kukuuliza, nikakukuta umesinzia na gitaa mapajani. Nini kilitokea getini?

Binti yako,
Jentrix


Gatuanyaga,
22 Machi 2025

Jentrix mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Mgongo unauma, lakini moyo haujambo kabisa.

Nilikuwa nimesimama ndani ya geti, ufunguo mkononi, uso nimeukunja kama inavyotakiwa. Shangazi yake Kiama, yule Mumbi mwenye sauti ya kuita watu sokoni, akaanzisha wimbo. Maneno ni ya Kikuyu, lakini mdundo ni wangu. Na katikati ya Kikuyu chao, jina la mamako. Tabby! Tabby!

Nikapiga kelele, "Huo wimbo umeutoa wapi?"

"Ni wa zamani, mzee, ni wa macucu wetu, nyanya zetu," akajibu. "Huku kote Thika hadi Ruiru tunaimba kwa geti kila ruracio, tukileta mahari."

"Ni wangu! Na Tabby ni mke wangu!"

"Ngai! Wanawake, mumesikia? Mzee anasema ametunga!" Wakacheka wakashikana mabega. Eti Tabby ni jina la bibi harusi yeyote tu. Nikawaambia wangoje hapo hapo. Nikakimbia ndani, gitaa nikalitoa ukutani, vumbi na yote, nikalifunga nyuzi huku wamesimama juani. Nikawaimbia ubeti wa tatu, ambao hawakuujua. Mumbi akasema, "Fungua, baba. Tumeamini."

Nilifungua nikiwa nalia, sikufichi. Nilidhani nimesahaulika, kumbe mamako anaitwa kwenye kila geti.

Ila kuna jambo moja linaninyima raha. Walipoingia waliimba ubeti wa mwisho ambao mimi sikutunga. Mke anajibu: "Sukuma, mume wangu, mlango sijafunga, maji ya kuoga yako tayari, utamalizia ndani." Unaushinda wangu wote. Niulizie ni wa nani.

Babako,
Khisa


Mwihoko,
6 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Natumai wewe na ng'ombe wako mko salama. Nimeuliza. Kaa chini kwanza.

Shangazi Mumbi alinipeleka kwa mamake, Cucu Maggie. Zamani alishona nguo kiwandani Thika, cherehani yake kando ya ile ya mama. Anasema mama ndiye aliyewafundisha wimbo wako, na wao wakaugeuza Kikuyu, ubeti wa tatu ukapotea njiani. Kila akifika mwisho, mama alicheka na kuongeza ubeti ule. Ni wake, baba.

Nikamuuliza ni kweli mlango ulikuwa wazi. Akasema siku zote ulikuwa umerudishwa tu, haujawahi kufungwa. Wewe ulizoea kuimba mpaka mama akufungulie, hukusukuma hata mara moja.

"Sasa mbona hakumwambia?" nikauliza.

"Angemwambia, angeingia," Cucu akasema. "Na Tabby alikuwa amesimama hapo nyuma ya mlango, anamsikiza."

Jumapili mimi na Kiama tunakuja kula chakula cha mchana. Gitaa liwe tayari, ubeti wa mama nitauimba mimi. Na usije getini na funguo zako. Tutasukuma.

Binti yako,
Jentrix